Sisti za ovari: zinavyogunduliwa na kuthibitishwa, kuanzia dalili hadi maabara

Sisti ni kifuko, mara nyingi cha maji, kinachoota kwenye ovari, kiungo kinachotoa mayai ya mwanamke. Nyingi huonekana bila kutafutwa. Mwanamke ameenda skani ya ujauzito au ya mawe ya figo, anatoka na karatasi inayosema ovari ya kulia ina uvimbe wa maji wa sentimita 4. Kabla hajafika kituo cha matatu ameshaanza kuulizia bei ya upasuaji. Skani moja huweza kuonyesha kwamba sisti ipo, lakini mara nyingi haitoshi kusema ni sisti ya aina gani. Jibu hilo hupatikana kwa kusoma mambo manne pamoja: umri, siku ya mzunguko, sura ya ndani ya uvimbe, na kama bado upo baada ya miezi miwili mitatu. Hapa tunaifuata njia hiyo jinsi mgonjwa wa Nairobi anavyoipitia.

Ovari yenye afya hutengeneza vifuko vya maji kila mwezi

Kila mzunguko kifuko kimoja chenye yai hukua hadi milimita 20 au 25, kisha hupasuka na kuachilia yai. Kisipopasuka, huendelea kujaa maji. Kikipasuka na kujifunga tena, huweza kujaa maji au damu. Hizo huitwa sisti za mzunguko, na kwa mwanamke anayepata hedhi ndizo za kawaida kuliko zote. Nyingi huisha zenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu. Kwa hiyo kifuko cha maji safi kisichozidi sentimita 3 kwa mwanamke wa miaka 28 ni ovari inayofanya kazi yake, na daktari makini hatakiita ugonjwa. Kijiti cha uzazi wa mpango, koili yenye homoni na dawa za kuchochea mayai kama klomifeni huweza kuzifanya zitokee mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo biashara ya chai na unga wa "kuyeyusha sisti" inapopata mashahidi wake. Unakunywa miezi mitatu, unarudia skani, sisti haipo. Ungekunywa maji ya mfereji ungepata matokeo hayo hayo. Hata vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo wengine huandikiwa kwa kusudi hili, havijaonekana kuiondoa haraka sisti iliyokwisha kuwapo.

Hatua ya 1: Andika historia yako kabla ya kwenda kliniki

Sisti ndogo kwa kawaida haina dalili. Inayokua huweza kuleta maumivu mazito upande mmoja chini ya kitovu, tumbo kujaa, kukojoa mara kwa mara kwa sababu kibofu kinabanwa, au maumivu ya ndani wakati wa tendo la ndoa. Maumivu makali ya hedhi yanayoongezeka mwaka hadi mwaka huelekeza zaidi kwenye endometriosi, yaani tishu kama ya ndani ya mji wa mimba inapoota nje yake.

Kwenye simu au daftari andika: tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, mzunguko wako ni wa siku ngapi, njia ya uzazi wa mpango unayotumia na tangu lini, dawa nyingine zozote, upasuaji wowote wa tumbo, ukiwamo wa kujifungua, na kama mama, dada, nyanya au shangazi yako aliwahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari. Tarehe ya hedhi ndiyo inayosahaulika zaidi, na bila hiyo anayekupiga skani hawezi kujua kama anatazama kifuko cha yai la mwezi huu au kitu kingine.

Kwa mama aliyepita miaka 50 kuna jambo la kuangalia kwa makini. Tumbo linalojaa siku nyingi za mwezi, kushiba baada ya vijiko vichache, maumivu ya nyonga na kukojoa mara kwa mara, vikianza upya katika umri huo, vinahitaji skani ya nyonga. Wengi huzungushwa miezi kwa dawa za vidonda vya tumbo, gesi na amiba huku hakuna aliyezitazama ovari.

Usisubiri kliniki ya Jumatatu ukiona haya: maumivu ya ghafla na makali upande mmoja pamoja na kutapika, kizunguzungu au kuzimia, homa pamoja na maumivu ya nyonga, au maumivu yoyote ya namna hiyo ukiwa umekosa hedhi. Sisti, hasa inayozidi sentimita 5, huweza kuifanya ovari ijisokote na kujikatia damu; ovari hiyo huokolewa kwa upasuaji wa haraka, na kila saa inayopita hupunguza nafasi. Nenda idara ya dharura ya hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku au mchana. Zahanati ya mtaani itakupa sindano ya maumivu tu, na sindano hiyo huweza kuficha hali kwa saa kadhaa.

Hatua ya 2: Kipimo cha mimba, kisha mkono wa daktari

Kwa yeyote anayeweza kushika mimba, kipimo cha mimba hutangulia, hata kama anasema haiwezekani. Mimba iliyotunga kwenye mrija huleta maumivu yale yale ya upande mmoja, na kwenye skani huweza kufanana na sisti kando ya ovari. Kipimo kikiwa chanya na mji wa mimba ukaonekana mtupu, mazungumzo ya sisti husimama na ya dharura huanza.

Kisha mkojo hupimwa kuondoa maambukizi, na daktari hupapasa tumbo, mara nyingine hupima pia kwa ndani kwa vidole viwili huku mkono wa pili ukibonyeza juu ya kinena. Kipimo hiki kinasaidia kujua kama kuna uvimbe mkubwa, kama unasogea, na kama unauma ukiguswa. Sisti ya sentimita 4 kwa mtu mwenye tumbo nene haishikiki kwa mkono, basi usitulie kwa sababu tu daktari hakugusa kitu.

Hatua ya 3: Skani yenyewe

Hii ndiyo nguzo ya uchunguzi wote. Kuna njia mbili, na kila moja inataka matayarisho yake.

Skani ya juu ya tumbo inahitaji kibofu kilichojaa. Kunywa kama lita moja ya maji saa moja kabla na usiende msalani. Maji ya kibofu husukuma utumbo wenye hewa pembeni na kupitisha mawimbi ya sauti vizuri. Kibofu kikiwa kitupu, hewa ya utumbo huzifunika ovari na ripoti hutoka na sentensi isiyomsaidia mtu: ovari hazikuonekana. Kosa la kawaida ni kunywa maji mlangoni pa chumba cha skani. Figo zinahitaji muda.

Skani ya ndani, yaani kupitia ukeni, inataka kinyume chake: kojoa kwanza. Kifaa chembamba chenye unene wa vidole viwili hivi huvikwa kondomu, hupakwa jeli na kuingizwa taratibu. Kwa kuwa kinakaribia ovari, picha yake ni safi zaidi, na ndiyo njia inayopendekezwa kutazama sura ya ndani ya sisti. Uvimbe mkubwa uliopanda juu ya nyonga huhitaji njia zote mbili, maana kifaa cha ndani hakioni mbali.

Mambo ya kusema kabla hujalala kitandani: kama una mzio wa mpira, kwa sababu ya kondomu, kama hujawahi kufanya tendo la ndoa, ili utumie ya tumbo, kama uko kwenye hedhi, ambayo haizuii skani. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike awepo chumbani, na ya kusema "simama hapo" ikiuma. Sonografa mzuri hatanuna.

Siku nayo ina maana yake. Ikiwa hakuna dharura, panga skani kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu hedhi ilipoanza. Wakati huo vifuko vya mwezi uliopita vimekwisha kunywea na vya mwezi huu bado ni vidogo. Ukienda siku ya 13 utaonyeshwa kifuko kinachokaribia kupasuka. Ukienda siku ya 22 utaonyeshwa mabaki yake yenye damu. Ripoti ngapi zimeandikwa "sisti" kwa sababu hizo mbili tu!

Hatua ya 4: Isome ripoti kabla ya kuondoka

Nairobi ripoti huandikwa kwa Kiingereza na mara nyingi hupewa wewe mkononi, ndani ya bahasha ya kaki. Usiondoke dirishani kabla hujahakikisha imejibu maswali haya: ovari ipi, ya kulia au ya kushoto, ukubwa kwa vipimo vitatu, kwa mfano sentimita 5.2 kwa 4.8 kwa 4.1, ndani kuna maji safi, maji mazito, au kitu kigumu, ukuta ni mwembamba na laini au una vinyama, kuna kuta za kugawanya ndani, rangi za Dopla zimeonyesha damu ikipita kwenye sehemu ngumu, kuna maji tumboni, ovari ya pili ikoje. Ripoti inayosema tu "sisti imeonekana kushoto" irudishwe palepale iongezwe. Omba pia picha zenyewe, za karatasi au za diski, kwa sababu daktari wa pili atataka kuzitazama kwa macho yake.

Kutokana na majibu hayo, aina nyingi hujitambulisha zenyewe. Sisti sahili ni duara jeusi tupu, ukuta mwembamba, hakuna kitu ndani. Sisti iliyovujia damu huonyesha nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ambazo hubadilika wiki hadi wiki damu inapoganda na kuyeyuka. Endometrioma, yaani sisti ya endometriosi, huonekana kijivu kilichotanda sawasawa, maana ndani mna damu ya zamani iliyogeuka nzito na ya kahawia. Dermoidi ina mafuta, nywele na wakati mwingine meno, hivyo hutoa sehemu nyeupe zenye kivuli nyuma yake. Haipotei yenyewe hata ungesubiri miaka. Zile zenye vyumba vingi vilivyojaa ute huweza kukua mpaka tumbo lionekane kama la mimba.

Dalili zinazomfanya daktari akunje uso ni nyingine: sehemu ngumu isiyo na umbo maalumu, vinyama vinne au zaidi vinavyochomoza ukutani, damu nyingi ikipita ndani yake, na maji tumboni. Baadhi ya vituo huweka mwishoni alama ya O-RADS, mpango wa kupanga uvimbe wa ovari kwa hatari ya saratani. Namba 2 ina maana uwezekano wa saratani ni chini ya asilimia 1, 3 ni chini ya 10, 4 ni kati ya 10 na 50, na 5 ni 50 kwenda juu. Namba 0 ina maana picha haikutosha, irudiwe.

Kitu kimoja kuhusu Dopla: ovari iliyojisokota huweza bado kuonyesha damu ikipita. Mgonjwa akitapika kwa maumivu na Dopla ikasema damu ipo, bado daktari wa upasuaji aitwe.

Ovari zenye vifuko vingi si sisti

Wanaochanganyikiwa zaidi ni wasichana walioambiwa wana "ovari zenye sisti nyingi". Katika PCOS, tatizo la homoni linalovuruga hedhi na ukuaji wa mayai, vile vidoti vinavyoonekana ni vifuko vya mayai vya milimita 2 hadi 9 vilivyosimama kukua. Havipasuki, havisokoti ovari, havitolewi kwa kisu. Kwa mwongozo wa kimataifa wa 2023, skani hukubalika ikiwa ovari moja ina vifuko 20 au zaidi, au ujazo wake umefika mililita 10. Na skani peke yake haitoshi: mtu mzima anahitaji mambo mawili kati ya matatu, yaani hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na sura hiyo ya ovari au kipimo cha damu cha AMH (homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai) kilicho juu, baada ya kuondoa matatizo ya tezi ya shingo na ya homoni ya prolaktini. Kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 8 tangu hedhi ya kwanza, skani haitumiki kabisa kuamua PCOS, kwa sababu ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida. Ripoti ya "PCOS" ya mtoto wa miaka 15 iliyotoka kwenye skani tu ichukuliwe kwa tahadhari.

Hatua ya 5: Kusubiri, kwa tarehe

Kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, sisti sahili ya chini ya sentimita 5 kwa kawaida haihitaji skani nyingine. Ya sentimita 5 hadi 7 hufuatiliwa kwa skani kila mwaka. Ikizidi 7, skani huanza kushindwa kuzitazama pande zote, na daktari hufikiria MRI (picha ya mwili kwa sumaku) au upasuaji. Yenye damu na inayozidi sentimita 5 hurudiwa baada ya wiki 8 hadi 12, tena siku ya 5 hadi ya 10 ya mzunguko. Kurudia baada ya wiki mbili ni kulipia picha ile ile mara ya pili.

Tumia kituo kile kile ukiweza, na beba ripoti ya kwanza. Tofauti ya milimita 4 kati ya sonografa wawili si ukuaji.

Hatua ya 6: Vipimo vya damu, kwa anayevihitaji

CA-125, protini ya damu inayoweza kupanda kwenye saratani ya ovari, huagizwa ovyo mno katika jambo hili. Kiwango cha kawaida ni chini ya 35. Lakini hupandishwa na endometriosi, faibroidi (uvimbe wa misuli ya mji wa mimba), maambukizi ya nyonga, mimba, na hata hedhi yenyewe. Kwetu ongeza kifua kikuu cha tumbo, ambacho huleta maji tumboni, kukonda na CA-125 ya juu sana mpaka kikafanana kabisa na saratani ya ovari. Ni ugonjwa unaopona kwa dawa, kwa hiyo maji au kinyama kipimwe kabla mtu hajahukumiwa. Upande wa pili, saratani changa huweza kuwapo na CA-125 ikawa ya kawaida. Mwanamke wa miaka 30 mwenye sisti sahili hana haja nacho. Akishauriwa akipime, aulize kwa upole: "Daktari, jibu likija juu au chini, tutabadilisha nini?"

Kwa aliye chini ya miaka 40 mwenye uvimbe wenye sehemu ngumu, vipimo vinavyofaa ni LDH, AFP na HCG, kwa sababu baadhi ya saratani za umri huo hutoka kwenye chembe za mayai na huweza kuacha alama hizo.

CA-125 ina kazi yake hasa kwa aliyekoma hedhi, ikiingizwa kwenye hesabu ya hatari ya saratani inayoitwa RMI. Skani hupewa alama: hesabu ni mangapi kati ya haya matano yapo, yaani vyumba vingi, sehemu ngumu, ovari zote mbili, maji tumboni, na dalili za kusambaa. Hakuna hata moja ni 0, moja ni 1, mawili au zaidi ni 3. Kukoma hedhi ni 3. Ambaye hajakoma ni 1. Zidisha alama hizo mbili kwa CA-125. Mama wa miaka 58, CA-125 ni 60, sisti ina vyumba vingi tu: 1 × 3 × 60 = 180. Sisti hiyo hiyo ikiwa na sehemu ngumu pia: 3 × 3 × 60 = 540. Kuanzia 200, apelekwe kwa mtaalamu wa saratani za wanawake, asifanyiwe upasuaji na yeyote aliye karibu. Mama wa umri huo mwenye sisti sahili chini ya sentimita 5 na CA-125 ya kawaida hurudia skani baada ya miezi 4 hadi 6. Isipobadilika kwa mwaka mmoja, huachwa.

Hatua ya 7: Picha kubwa, rufaa na kisu

MRI husaidia pale skani imeshindwa kuamua: inatofautisha mafuta ya dermoidi, damu ya endometrioma na faibroidi yenye shina inayojifanya uvimbe wa ovari. CT, picha ya eksirei ya vipande vya mwili, si ya kuchunguza sisti; kazi yake ni kuona kama saratani inayoshukiwa imesambaa tumboni.

Kwa mgonjwa wa umma, njia ya kawaida ni kituo cha afya cha mtaa, kisha hospitali ya kaunti kama Mama Lucy Kibaki, Mbagathi au Pumwani, kisha Kenyatta ambayo ni ya ngazi ya 6. Beba barua ya rufaa, kitambulisho, ripoti zote na picha zake. SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na si kila kituo cha picha cha Upper Hill, Ngara au Parklands kina mkataba nayo: uliza mapokezi kama kipimo kinalipiwa, na bei yake ni ngapi kwa M-Pesa kama hakilipiwi, kabla ya kuvua viatu. Bei za skani ya ndani hutofautiana sana kati ya majengo mawili ya barabara moja.

Ukiambiwa sisti itobolewe kwa sindano ivutwe maji, uliza sababu. Sisti zilizovutwa hivyo hurudi mara nyingi, maji yake hayatoi jibu la uhakika, na kama kuna saratani, kutoboa huweza kuimwaga tumboni. Pale uvimbe unapohitaji kutolewa, kwa matundu madogo ya laparoskopi au kwa kupasua, lengo ni kuutoa mzima bila kupasuka.

Jibu la mwisho hutoka kwa patholojia, yaani maabara inayotazama nyama kwa hadubini, si kwa macho ya daktari wa upasuaji. Katika baadhi ya hospitali chupa yenye uvimbe hukabidhiwa ndugu aipeleke maabara mwenyewe na kulipa kando. Hakikisheni imeandikwa jina, umri, upande na tarehe, na kwamba uvimbe umezama kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10 yenye ujazo wa mara kumi ya nyama hiyo. Ukikaa kwenye maji ya chumvi au mkavu usiku kucha, chembe huharibika na maabara huandika kwamba haiwezi kuamua. Chukueni namba ya maabara, ulizeni ripoti inatoka siku gani, na ifuateni wenyewe. Kwenye faili nyingi za kliniki ukurasa huo ndio unaokosekana.